Kupiga Picha za Nebula Kutoka Kisawasawa

Nebula ing'aayo ni wingu kubwa la gesi, hasa haidrojeni, linalotoa nuru yake lenyewe kwa sababu nyota changa zenye joto kali zilizomo ndani yake humwaga mionzi ya urujuanimno inayong'oa elektroni kutoka kwenye atomu za gesi hiyo. Elektroni zinapounganika tena na atomu hutoa nuru, na iliyo kuu ni nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Jicho, ambalo gizani halitambui rangi vizuri, huona ukungu wa kijivu tu; kamera hukusanya nuru kwa muda mrefu na kuidhihirisha rangi hiyo.

Katika Bonde la Kilombero, iliko Kisawasawa, mvua ndiyo inayoamua nebula ipi ipigwe picha. Ile ya kundinyota la Jabari, ambayo Henry Draper wa Marekani aliipiga picha kwa mara ya kwanza mwaka 1880, hupita karibu na utosi, lakini msimu wake, Desemba hadi Machi, ni wa mawingu. Kwa hiyo mpigapicha wa Kisawasawa hufaidi zaidi nebula ya M8 katika kundinyota la Mshale, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 4,000, ambayo mwezi Agosti huwa juu kabisa mnamo saa tatu usiku, kabla ya kuteremka magharibi iliko milima ya Udzungwa.

Ugumu uliopo ni mzunguko wa dunia, unaozifanya nyota zionekane kama mistari. Kifaa cha kuzifuata nyota hulazimika kuelekezwa kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo hapa iko nyuzi 8 tu juu ya upeo wa macho, mahali ambapo miti, ukungu wa bondeni na moshi wa mashamba ya miwa yanayochomwa huificha kwa urahisi. Njia nafuu, na pengine bora kwa anayeanza, ni kutumia lenzi ya milimita 50 juu ya stendi imara ya miguu mitatu, kupiga picha nyingi za sekunde 5 na kuziunganisha kwa programu ya kompyuta: picha 400 hupunguza chengachenga mara 20.

Kamera za kawaida zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya nuru hiyo nyekundu, na kukiondoa ni kazi ya fundi. Hakuna haja ya kuiharakisha, kwani M8 inang'aa kiasi kwamba hata kamera isiyobadilishwa huinasa ikiwa na rangi ya waridi.