Saa Ishirini za Karani

Katika ofisi nyingi za mji wa Moshi, tangu Njoro hadi katikati ya mji, kompyuta ipo mezani, lakini aghalabu hutumiwa kama taipureta tu. Karani huandika majina na tarakimu katika jedwali, kisha huchukua kikokotoo chake, akazidisha, akajumlisha, na kuyaandika majibu moja baada ya jingine. Programu iliyo mbele yake ingeweza kuifanya kazi hiyo yote kabla hajamaliza kufuta miwani. Akiulizwa kwa nini hajajifunza, hujibu kwamba hana nafasi.

Jibu hilo lafaa kupimwa kwa hesabu, na Moshi ni mahali pazuri pa kulipimia, kwa kuwa ni mji wa ushirika: KNCU iliundwa mwaka 1933, na Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963 kilifanywa chuo kikuu mwaka 2014. Chukua mfano wa chama cha msingi chenye wakulima 300 wa kahawa. Karani anazo kilo za kila mkulima, naye hana budi kuzizidisha kwa bei ya kilo moja. Akitumia dakika moja kwa kila mkulima, malipo ya mara moja yatamchukua dakika 300, yaani saa 5. Na iwe kwamba kujifunza lahajedwali barabara kunahitaji saa 20, na kwamba akishajua, kazi ile ile itamchukua nusu saa. Kila malipo yatamwokolea saa 4 na nusu. Gawanya 20 kwa 4.5: jibu ni 4 na ushei. Basi yafikapo malipo ya tano, saa zote alizozitoa zitakuwa zimekwisha kurudi.

Anayejifunza katika mwaka wake wa kwanza wa kazi huila faida hiyo kwa miaka 30. Anayejifunza akikaribia kustaafu huenda asirudishiwe hata zile saa 20. Tena, katika miteremko ya Kilimanjaro kahawa huvunwa zaidi katika nusu ya pili ya mwaka. Karani anayengoja mpaka wakulima wajipange mlangoni amekwisha chelewa. Saa 20 hupatikana wakati wa masika, mvua ikinyesha na ofisi ikiwa kimya.

Siri yenyewe ni ndogo. Ukurasa wa lahajedwali umegawanywa kwa safu na mistari, na kila kijumba, kiitwacho seli, kina anwani yake, kama vile B2. Seli yaweza kubeba tarakimu, au ikabeba kanuni. Kilo zikiwa katika safu B na bei katika seli E1, karani huandika =B2*$E$1 mara moja tu, kisha huinakili kanuni hiyo hadi mstari wa mwisho. Alama ya dola hapa haihusiani na fedha: huizuia anwani ya bei isisogee, ilhali B2 hugeuka B3, B4 na kuendelea. Bei ikibadilika, hubadilishwa tarakimu moja, na majibu yote 300 hugeuka papo hapo. Programu ya kwanza ya aina hii kuenea sana madukani ilikuwa VisiCalc ya mwaka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani.

Lakini kompyuta hulitii kosa kama inavyolitii jambo sahihi. Wakulima wakiwa katika mistari ya 2 hadi 301, na kanuni ya jumla ikaishia mstari wa 251, fedha zitakazoombwa benki zitawapungukia watu 50, wenye sare na madaftari ya watoto ya kununua. Kosa la namna hii liliwapata hata wachumi mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, katika makala yao ya mwaka 2010 juu ya madeni ya mataifa: wastani wao uliziacha nchi 5 nje. Aliyelifichua mwaka 2013 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Thomas Herndon. Kujifunza mapema, basi, ni pamoja na kujifunza kushuku.

Tanzania iliwahi kuonja uchungu wa mashine kutangulia mafunzo. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa humo kazi ikavurugika, wenye ujuzi wakiwa wachache mno, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku; ilichukua miaka mingi kabla ya mlango huo kufunguliwa tena.

Shule isiyo na kompyuta za kutosha si lazima ingoje. Mwalimu aweza kuchora jedwali ubaoni, akatoa kilo za wakulima 10 na bei moja, akawataka wanafunzi waandike kanuni badala ya majibu. Kisha abadilishe bei, aulize ni seli ngapi zinazopaswa kuandikwa upya. Mwisho amwongeze mkulima wa 11 chini ya wale 10, asiseme neno, aone ni nani atakayetambua kwamba jumla haikumhesabu.