Mariam: Malkia aliyemchoma jenerali jambia

Asubuhi moja Aprili 1803, Jenerali Ivan Lazarev wa Urusi aliingia chumbani mwa mjane mmoja jijini Tbilisi. Alikuwa na amri: mama huyu afungashe, apelekwe Urusi yeye na wanawe. Mama akasema haendi popote. Jenerali alipomsogelea, akachomwa jambia, akafa.

Mjane mwenyewe ni Mariam Tsitsishvili, malkia wa mwisho wa Kartli na Kakheti, ufalme uliokuwa mashariki mwa Georgia. Si lile jimbo la Marekani, la. Hii ni Georgia ya milima ya Caucasus, nchi ndogo iliyobanwa na Uajemi, Uturuki na Urusi.

Mariam alizaliwa 1768 katika ukoo wa makabaila. Mwaka wa 1783 aliolewa na Mwanamfalme George, aliyekuwa amefiwa na mke wa kwanza. Mwaka huo huo wajumbe wa baba mkwe wake, Mfalme Heraclius II, walitia saini mkataba na Urusi mjini Georgievsk. Maafikiano yalikuwa wazi: Urusi ilinde nchi, na kiti kibaki kwa ukoo wa kifalme.

Basi 1795 Waajemi wakavamia Tbilisi, wakaiteketeza. Mlinzi alikuwa wapi? Hakuonekana.

George alirithi kiti 1798, Mariam akawa malkia. Lakini usidhani ni raha mustarehe. Mfalme alikuwa mgonjwa, na mama yake wa kambo, Darejan, alitaka kiti kiwaendee wanawe wa kuzaa. Huku ndani vita, huku nje maadui. George akaona heri aiweke nchi mikononi mwa Tsar Paul, mradi mwanawe David amrithi.

Alifariki Desemba 1800. Urusi ikachukua nchi, sharti la David ikalitupa. Mwaka wa 1801 Tsar Alexander I akapiga muhuri, mchezo ukaisha. Mariam alikuwa malkia kwa karibu miaka mitatu tu.

Kilichobaki kilikuwa kuiondoa familia yenyewe, maana mradi iko Tbilisi, wananchi wana wa kumkimbilia. Aliyesimamia kazi hiyo ni Jenerali Pavel Tsitsianov. Jina hilo ni Tsitsishvili kwa matamshi ya Kirusi. Mtu wa ukoo wa Mariam! Kikulacho kweli ki nguoni mwako.

Kuna wanaomwona shujaa, na kuna wanaomwona muuaji. Ukweli usemwe: Lazarev alikuwa ametumwa tu. Waliovunja ahadi walikuwa wameketi mbali, ambako jambia halifiki. Na kifo chake hakikuurudisha ufalme.

Lakini hebu jiweke katika nafasi yake. Mume amekufa, nchi imekwenda, na sasa unaambiwa utoke hata chumbani mwako. Ungefanyaje?

Gharama aliilipa. Alisafirishwa chini ya ulinzi, akazuiliwa miaka saba katika nyumba ya watawa huko Urusi. Baada ya kuachiliwa aliishi Moscow, akafia huko 1850 akiwa na miaka 81.

Nyumbani alirudi akiwa maiti. Alizikwa katika Kanisa Kuu la Svetitskhoveli, mjini Mtskheta, walikolazwa wafalme wa Georgia.