Jina Lako Chini ya Kichwa Kipi?

Mlangoni pa jengo moja la ofisi mjini Thika kuna daftari la wageni, na kalamu yake imefungwa kwa uzi isije ikaondoka na mtu. Safu zake sote tunazijua hata bila kusoma: jina, namba ya kitambulisho, simu, unakokwenda, saa, sahihi. Juzi nilipoinama kuandika, mstari wa juu yangu ulikuwa wa mama aliyejaza kila kitu kwa mwandiko safi wa mwalimu, na kwenye safu ya unakokwenda akaweka jina la wakili. Sikuwa na haja naye. Lakini kabla sijafika ghorofa ya pili nilishajua anaitwaje, anapatikana kwa namba gani, na kwamba kuna jambo lililomfikisha kwa wakili saa tatu na robo asubuhi.

Ukiuliza ni kipi kati ya hivyo kilicho siri, utakosa. Jina lake linajulikana mtaa mzima. Simu amempa muuza maziwa. Namba ya kitambulisho imelala katika madaftari ya maajenti wa M-Pesa kuanzia Githurai hadi Makongeni. Kinachompa mtu tabu ni kichwa kilichoandikwa juu ya ukurasa. Orodha ya majina mia moja isiyo na kichwa haimfai yeyote. Iandike juu yake "Wanaotumia dawa za kifua kikuu" au "Wenye malimbikizo ya kodi ya nyumba," na karatasi ileile imeshapata wanunuzi.

Sasa tuipe orodha hiyo kichwa cha "Watetezi wa haki za wacheza kamari."

Katika ukanda huu wetu wa Ruiru, Juja, Theta na Thika, kamari haina mlango wa kuingilia. Iko kwenye simu ya kijana wa bodaboda anayesubiri abiria na kwenye simu ya mwanafunzi aliye kwenye basi la chuo. Poka, ile ya kasino na ya mitandaoni, ina wachezaji wachache; kwa wengi wetu "poka" ni ule mchezo wa kadi wa kibarazani ambao anayekaribia kumaliza sharti atangaze "niko kadi." Umati uko kwenye mechi za mpira na kwenye mchezo wa ile ndege inayopaa huku pesa ikiongezeka hadi itoweke ghafla. Wote hawa serikali inawatoza. Ushuru wa bidhaa kwenye dau ulikuwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, ukagonga 15 mwishoni mwa 2024, kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikauhamishia kwenye pesa unayoingiza katika akaunti ya kuchezea, asilimia 5. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Udhibiti wa Kamari, kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Wenye kampuni wana chama chao, AGOK, na mawakili wa kuwasemea. Mchezaji hana zaidi ya jina lake, na yeyote anayejitolea kumsemea ataanza kwa kumwomba jina hilo.

Marekani walilipitia hili kabla yetu. Chama cha Poker Players Alliance kiliundwa mwaka 2005 kutetea wachezaji wa poka, hasa wa mtandaoni, na baadaye kikajigamba kuwa na wanachama zaidi ya milioni moja. Mwaka 2006 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzibana benki zisipitishe malipo ya kamari haramu ya mtandaoni, na jimbo la Washington likaifanya kamari ya mtandaoni kuwa kosa la jinai. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wakazifungulia kesi kampuni tatu kubwa za poka kwa siku moja. Jiweke katika nafasi ya mkazi wa Washington aliyeletewa fomu ya kujiunga. Chama kinataka anwani yako, na kina sababu ya haki: mbunge hajali barua ya mtu asiyempigia kura, kwa hiyo lazima kijue unaishi jimbo gani ili kikuelekeze kwa mbunge wako. Lakini fomu hiyohiyo, ikiangukia mikono mingine, inasomeka kama ungamo. Anayekutetea na anayekusaka wanahitaji taarifa zilezile.

Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishalifafanua jambo hili mwaka 1958, katika kesi isiyohusu karata hata kidogo. Jimbo la Alabama lilitaka chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kitoe orodha ya wanachama wake. Majaji wote walikataa. Waliona kwamba wanachama waliowahi kufichuliwa walikuwa wamefukuzwa kazi na kutishwa, na kwamba hofu hiyo peke yake ingewazuia wengine kujiunga. Kwa mtazamo huo, haki ya kujiunga na wengine ina sehemu yake ya chini chini: haki ya kutoorodheshwa mbele ya asiyekupenda.

Kwetu mambo yamekwenda vingine. Desemba 2020 watetezi wa BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, walipeleka kwa tume ya uchaguzi, IEBC, sahihi zaidi ya milioni nne. Tume ikathibitisha takriban milioni 1.14, na Januari 2021 ikaweka majina hayo mtandaoni ili aliyeingizwa bila ridhaa yake ajitokeze kulalamika. Nia ilikuwa njema, nakubali. Bila kuonyesha orodha, aliyeibiwa jina angejuaje? Ila matokeo yake ni kwamba msimamo wa kisiasa wa mtu ukawa wa kutafutwa kwa kidole. Mahakama ya Juu ilipoizima BBI Machi 2022, majina yalikuwa yameshaonekana na wa kuyaona. Katikati ya hayo, Juni 2021, Wakenya waliochungulia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, walikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvaa kofia zake. Jina lako na namba ya kitambulisho vilitosha. Wala hukuhitajika kuwapo.

Kuhusu kamari yenyewe, mwaka 2019 kampuni ya simu ya Safaricom ilishtakiwa Mahakama Kuu kwa madai kwamba data za wateja wake wapatao milioni 11.5 waliokuwa wakicheza kamari zimevuja, pamoja na namba zao za kitambulisho na kiasi walichocheza. Kampuni nayo ilikwenda mahakamani kuwashtaki waliokuwa wafanyakazi wake. Kinachonishughulisha hapa ni umbo la data yenyewe. Namba ya simu peke yake ni bure. Namba ya simu iliyopangwa kando ya kiasi anachocheza mtu kwa mwezi ni mali, tena mali ya kuibwa.

Nani angeinunua? Kampuni nyingine ya kamari, ili ikutumie ujumbe wa "dau la bure" usiku wa mwisho wa mwezi. Tapeli anayepiga akisema umeshinda jekipoti ila utume kwanza ada kidogo. Kazi yake imekuwa nyepesi maana anajua tayari kwamba unacheza. Mkopeshaji wa simu pia. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Mulla Pride, mwenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwasumbua kwa simu na vitisho. Na usimsahau mweka hazina wa chama cha akina mama, mchungaji, mkwe. Hao hawanunui kitu. Wataonyeshwa tu.

Hapo ndipo sheria yetu inapoacha pengo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina daraja la juu la taarifa inazoziita nyeti, zikiwamo afya, asili ya kikabila, imani, alama za kibayolojia, mali, ndoa, na majina ya watoto na wazazi. Kamari haitajwi. Kwa hiyo jina la mke wako limezungushiwa ua mrefu kuliko habari ya kwamba ulipoteza karo ya mtoto kwenye ndege. Haimaanishi kwamba huna kinga kabisa. Anayekusanya lazima akwambie ni kwa kazi gani, na ukikana kwamba uliridhia, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Unaweza kuondoa ridhaa yako wakati wowote. Data ikivuja na ikawa kuna hatari ya kweli kwako, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna. Faini, hata hivyo, haizidi shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Chama cha utetezi kilichoanzishwa jana, kisicho na mapato wala ofisi ila simu tatu na kikundi cha WhatsApp, kitatozwa asilimia moja ya nini?

Kwa maoni yangu, swali la kuuliza kabla ya kujaza ni moja: hii namba ya kitambulisho ni ya nini? Utajibiwa kwamba Bunge linaitaka. Linaitaka ya anayetia sahihi ombi tu. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Kila mtu, maana yake hata mmoja. Sharti la sahihi milioni moja ni la kifungu cha 257, cha kubadilisha Katiba kwa njia ya wananchi, na kupunguza ushuru wa dau si kubadilisha Katiba. Katibu wa chama anaweza kutia sahihi yake, aweke kitambulisho chake mwenyewe, na aandike kwamba anawasemea watu elfu kumi. Wanaobaki watoe idadi tu, na pengine jina la wadi. Theta, watu mia mbili. Witeithie, mia na hamsini. Mbunge wa Juja anajua kuhesabu.

Ipo pia njia ya barua: chama kinakuandalia maneno, yanafunguka ndani ya barua pepe yako mwenyewe, na wewe ndiye unayetuma. Barua inafika kwa karani wa Bunge na chama hakibaki na orodha yoyote. Nayo ina joto lake. Mwishoni mwa Mei 2025 msanidi programu mmoja alikamatwa kwa sababu ya tovuti aliyowatengenezea wananchi watume pingamizi zao dhidi ya Mswada wa Fedha, na mahakama ikaitupa kesi mwezi uliofuata.

Rafiki yangu mmoja wa bodaboda ana dawa yake. Kila anapoombwa namba, kwenye daftari la wageni, kwa kampeni, kwa promosheni ya sabuni, huandika laini yake ya zamani iliyokufa miaka mitatu iliyopita. Nilimsifu kwa ujanja wake hadi siku tulipojaribu kuipigia. Ikaita. Laini zilizokufa huuzwa tena. Mwanamke aliyepokea alisikiliza nusu ya maelezo yetu, kisha akauliza kwa hasira kama sisi ndio tunaomtumia jumbe za kamari kila Ijumaa, kwa sababu mume wake amekataa kuamini kwamba yeye hachezi.