Fahamu: Behewa lililokarabatiwa lina upya gani?

Tangu mkataba wa miaka 30 wa kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, usainiwe na kampuni ya CCECC ya China, Septemba 2025, swali la mabehewa linawagusa moja kwa moja watu wa kata ya Lipangalala na Ifakara yote, ambako reli hii hupita.

Behewa la zamani halidharauliki. Kiunzi chake cha chuma kikiwa kizima, hudumu miongo mingi. Karakana hulivua viti, nyaya na mabomba, huchonga upya magurudumu, hubadilisha breki, kisha hupaka rangi. Rangi si urembo tu: hukinga kutu, adui mkubwa katika bonde lenye mvua na mafuriko kama Kilombero, na humwonyesha abiria daraja lake. Kwangu, breki na choo kinachofanya kazi vitangulie rangi.

Je, mabehewa ya ghorofa ya reli ya kisasa ya Tanzania (SGR), ambayo baadhi yalitumika Ujerumani, yanaweza kuletwa Ifakara? Hapana. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Ya TAZARA, 1,067. Ifakara inahitaji mabehewa ya kipimo chake.