Mwamba wa Sebuleni

Chukua tangi la samaki lenye kina cha sentimita 60 kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, ulijaze maji, kisha usimame mbele yake. Jicho litakuambia kina ni sentimita 45 hivi. Mwanga husafiri polepole zaidi majini kuliko hewani, kwa uwiano wa 1 kwa 1.33, nao unapotoka majini hupinda. Kwa hiyo kila kilichomo huonekana kimesogea mbele, kwenye robo tatu ya umbali wake halisi. Mawe yaliyopendeza yakiwa makavu mezani huweza kuonekana kama yamebandikwa kwenye kioo cha nyuma mara tu maji yanapoingia.

Wengi wanaofuga samaki wa maji chumvi hupambana na hali hiyo kwa kuongeza mawe. Mimi naamini dawa ni kuyapunguza. Katika tangi la aina hii uzuri na afya hutoka mahali pamoja, nako ni kwenye nafasi zilizoachwa wazi.

Tabia ya kurundika mawe ina historia yake. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyoweka samaki na matumbawe nyumbani kwa kutumia maji ya bahari, viputo vya hewa na mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake. Baadaye wafugaji wa Berlin, Ujerumani, waliyaunganisha mawe ya namna hiyo na chombo kinachoengua uchafu kwa povu, na njia yao ikaenea duniani. Hapo ikaja kanuni ya kukadiria: kilo moja ya mawe kwa kila lita 8 za maji. Tangi la lita 200 lilistahili kilo 25, na kilo 25 zikapangwa kutoka kona hadi kona kama magunia ghalani.

Kanuni hiyo ilikuwa na sababu nzuri. Mawe hai, kama yanavyoitwa, ni mifupa ya chokaa ya matumbawe yaliyokwisha kufa. Uhai uko kwa wakazi wake: sponji, minyoo, mwani wa rangi ya waridi unaojijengea tabaka la chokaa, na zaidi ya wote bakteria. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu. Juu ya jiwe, penye oksijeni, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali sana. Ndani kabisa ya jiwe, kwenye vitundu ambako oksijeni imekwisha, wako bakteria wengine wanaopumua kwa kutumia nitrati hiyo na kuiachia kama gesi ya nitrojeni, nayo hupanda na kupotea hewani. Jiwe moja lenye vitundu vingi hufanya kazi zote hizo bila waya wala umeme.

Lakini halifanyi lolote kama maji hayalifikii. Mawe mawili yakibanwa pamoja, pande zinazogusana hupoteza kazi. Nyuma ya ukuta wa mawe mkondo hufa, kinyesi na mabaki ya chakula hutulia pale na kuoza, na tangi lenye mawe mengi huishia kuwa na maji machafu kuliko lenye machache. Matumbawe nayo yanautaka mkondo huo. Mwilini mwake kila tumbawe limefunikwa na tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na maji yakipita kwa nguvu tabaka hilo hupungua unene, oksijeni ikaingia na taka zikatoka. Ndiyo maana pampu za tangi la matumbawe mara nyingi huzungusha maji yote mara 20 au zaidi kwa saa moja. Ukuta wa mawe huizuia nguvu hiyo yote.

Basi tuyapange vipi? Wajapani wanalo somo la karne nyingi. Katika bustani ya hekalu la Ryoan-ji, mjini Kyoto, kuna mawe 15 juu ya changarawe nyeupe, na mtu aliyeketi barazani hawezi kuyaona yote kwa mara moja. Kila akihama jiwe moja hujificha. Macho yakinyimwa kitu kidogo huendelea kutafuta, na eneo dogo likahisiwa kuwa kubwa. Tangini jambo hilo hutibu hasara ile ya mwanga. Panga vilima viwili visivyolingana, kikubwa kikae theluthi moja ya urefu wa tangi, si katikati. Kati yake acha njia ya mchanga iliyo pana mbele, ielekee nyuma kwa mshazari huku ikiwa nyembamba na mwisho wake ukifichwa na jiwe. Mawe makubwa yawe mbele kidogo, madogo nyuma. Usiegemeze chochote kwenye kioo. Nafasi ya upana wa kiganja pande zote humwachia samaki njia ya kuzunguka, nawe njia ya kusugua mwani.

Samaki nao watakushukuru. Kangaja anahitaji mwendo mrefu wa kuogelea na pango la kulala. Samaki asiye na pa kujificha hubaki na hofu na kujibana konani, ilhali mwenye mapango mawili matatu ya kukimbilia hutembea wazi mchana kutwa.

Kuna jambo la fizikia ambalo wengi hawalipi uzito. Jiwe la chokaa lenye kilo 10 hewani hubaki na kilo 6 hivi likizama, kwa sababu maji hulibeba. Msuguano unaolishikilia hupungua vilevile, lakini nguvu za konokono au za samaki mkubwa hazipungui. Rundo lililosimama imara mezani linaweza kuteleza tangini usiku na kupasua kioo. Kwa hiyo toboa mawe, yachomekee vijiti vya plastiki, kisha uyafunge kwa saruji au gundi ya epoksi isiyo na sumu kwa viumbe. Mawe ya chini yakae juu ya sakafu ya tangi kwanza, mchanga umwagwe baadaye. Wapo kamba wanaochimba mashimo na kuishi humo pamoja na samaki wadogo wanaowalinda mlangoni, na jiwe lililolazwa juu ya mchanga wataling'oa msingi.

Halafu fikiria miaka mitatu mbele. Matumbawe ya matawi ya Acropora, yakiwa na hali nzuri, hurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Tumbawe la Galaxea hunyoosha minyiri yenye sumu sentimita 20 au zaidi usiku na kumchoma jirani. Kilima kinachoonekana kitupu leo ndicho kitakachojaa kwa uzuri. Kilichojaa leo kitageuka uwanja wa vita.

Limebaki swali la mawe yatoke wapi, na hapa sitanii. Matumbawe magumu na mawe hai yanasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na Marekani ilikomesha uvunaji wa mawe hai ya asili katika maji yake ya shirikisho pwani ya Florida mwaka 1997. Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua uchungu wa mwamba uliobomolewa: Mafia na Mtwara watu wamechimba matumbawe na kuyachoma kupata chokaa ya ujenzi, na penye mwamba uliovunjwa samaki huadimika. Usiende baharini na mtaimbo kwa ajili ya pambo la sebuleni. Tumia jiwe la saruji au la kauri, au jiwe kavu la miamba ya kale ya nchi kavu, uliwekee kipande kidogo kutoka tangi la mfugaji mwenzako, kisha usubiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kuweka samaki. Bakteria watakuja wenyewe.