Barua Sita za Kuthibitisha Kuishi Pamoja: Wanachopaswa Kufahamu Wanandoa Watanzania Walioko Uingereza

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinaeleza kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana katika jamii yao kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Majirani na mjumbe wa nyumba kumi wanaweza kuwa mashahidi wa jambo hilo. Mtanzania aliyemfuata mwenza wake nchini Uingereza hukutana na utaratibu tofauti. Huko, hata mwenye cheti halali cha ndoa hutakiwa kuonesha kwa maandishi kwamba ndoa hiyo ingali hai na kwamba wahusika wanaishi chini ya paa moja.

Mwenza anayeomba akiwa nje ya Uingereza hupewa kwanza visa ya miezi 33. Kabla haijaisha huomba nyongeza ya miezi 30, na anapotimiza miaka mitano anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ukaazi huo si uraia, hivyo mwenye nao huendelea kuwa Mtanzania na kutumia pasipoti yake ya Tanzania. Katika hatua ya nyongeza na katika hatua ya ukaazi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hutaka uthibitisho wa kuishi pamoja.

Kipimo kilichozoeleka ni barua au hati sita, kutoka vyanzo visivyopungua vitatu, zilizotawanyika katika miaka miwili iliyotangulia maombi. Barua zenye majina ya wote wawili ndizo zenye nguvu zaidi. Zisipokuwepo za kutosha, kila mmoja anaweza kuwasilisha zilizoandikwa kwa jina lake, mradi anwani iwe ileile na tarehe zikaribiane. Ankara za maji, umeme na gesi, taarifa za benki, mkataba wa upangaji, ankara ya kodi inayotozwa na halmashauri ya eneo, barua za hospitali na za mamlaka ya mapato hukubalika. Picha za harusi na ujumbe wa simu haviwezi kuchukua nafasi ya hati hizo. Kwa aliyezoea kupokea barua kupitia sanduku la posta la ofisi au la ndugu, jambo hili huonekana geni, lakini nchini Uingereza barua hupelekwa hadi mlangoni, na ndiyo maana jina na anwani kwenye bahasha vina uzito wa ushahidi.

Tatizo kubwa haliko katika idadi ya barua. Mara nyingi mwenza mwenyeji alikuwa amekwishapanga nyumba kabla ya mwenzake kuwasili, hivyo mkataba, umeme, maji na intaneti vyote viko kwa jina lake. Anayewasili, ambaye mara nyingi ni mke, anaweza kuishi humo miaka miwili na nusu, akapika, akalea na kuchangia gharama, lakini asiwe na karatasi hata moja inayoonesha kwamba yupo. Wakati huo ndipo muda wa visa unapokaribia kwisha, na barua ya mwaka uliopita haiwezi kuandikwa leo.

Hatua za kuzuia hali hiyo ni nyepesi zikichukuliwa mapema. Mwenye nyumba anaweza kuombwa kuongeza jina la pili katika mkataba, na halmashauri kuliingiza katika ankara ya kodi. Kujiandikisha kwa daktari wa eneo na kufungua akaunti ya benki huzalisha barua za jina binafsi. Ipo pia njia isiyofahamika na wengi: kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, raia wake mwenye umri wa kupiga kura na anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha katika daftari la wapiga kura la huko, na barua za uandikishaji humfikia kwa jina lake. Kwa akaunti zisizotuma karatasi, ni vyema taarifa zipakuliwe na kutunzwa kila baada ya miezi michache, kwani akaunti ikifungwa huenda zisipatikane tena kwa urahisi.

Wapo wanandoa ambao kazi, masomo au ugonjwa wa mzazi nyumbani Tanzania umewatenganisha kwa miezi kadhaa. Kutengana kwa namna hiyo hakuvunji maombi kwa chenyewe. Kinachohitajika ni barua ya maelezo yenye tarehe, ikiambatana na vielelezo kama vile tiketi za ndege, barua ya mwajiri au cheti cha hospitali. Hati yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye jina, saini na mawasiliano ya mfasiri. Kuziba pengo kwa hati ya kughushi ni kosa zito zaidi ya pengo lenyewe, kwa kuwa udanganyifu husababisha maombi kukataliwa na unaweza kumzuia mhusika kupata visa kwa miaka hadi 10.

Wapo pia wanaovumilia kipigo au manyanyaso kwa kuamini kwamba wakiondoka watapoteza haki ya kubaki nchini humo. Imani hiyo si sahihi. Kanuni za Uingereza zinamruhusu mtu mwenye visa ya mwenza, ambaye uhusiano wake umevunjika kwa sababu ya ukatili wa nyumbani, kuomba ukaazi wa kudumu bila kusubiri miaka mitano na bila kuonesha kwamba bado anaishi na mwenza huyo. Ushahidi unaotazamwa hapo ni wa ukatili, ukiwemo wa polisi, daktari, mahakama au taasisi inayohifadhi waathirika, na asiye na uwezo wa kifedha anaweza kuomba asamehewe ada.