Kasoro Hukaa Palipobanwa Baiti

Mwandishi wa programu anaandika tarehe ya miadi hivi: "2019-03-05 08:30:00". Anaijaribu kwenye kompyuta yake, inakubali. Anaipeleka kwenye simu, na mahali palipopaswa kuonekana saa ya miadi panatokea maneno mawili tu: Invalid Date. Anaiunganisha simu na kompyuta ili afuatilie msimbo hatua kwa hatua aone umeharibika wapi, na hapohapo kasoro inatoweka. Akifunga uchunguzi, inarudi.

Kwa miaka kadhaa jambo hili liliwasumbua watu waliokuwa wakitengeneza programu za simu kwa React Native, mfumo ulioanzishwa na Facebook unaomwezesha mtu kuandika programu ya Android na ya iPhone kwa JavaScript. Hakukuwa na uchawi wowote. Kwa njia ya uchunguzi iliyotumika wakati ule, msimbo haukuendeshwa tena na simu. Ulihamishiwa kwenye kivinjari cha Chrome kilichomo katika kompyuta, ukaendeshwa na injini yake iitwayo V8. Simu yenyewe ilikuwa na injini nyingine, JavaScriptCore. V8 ilivumilia nafasi iliyoachwa kati ya siku na saa, ilhali JavaScriptCore ya wakati huo ilitaka pawe na herufi T. Na hakuna iliyovunja sheria. Kiwango rasmi cha lugha, ECMAScript, kinazilazimisha injini zote kuuelewa muundo wenye T, halafu kinaiachia kila injini uhuru wa kuamua ifanye nini na miundo mingine.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho wengi wetu tunaotumia simu, na hata baadhi yetu tunaoandika programu, hatukitazami: kati ya msimbo na simu kuna programu nyingine nzima inayousoma msimbo huo na kuutekeleza. Hiyo ndiyo injini. Nayo imeandikwa na watu, kwa kawaida kwa lugha ya C au C++, na ina kasoro zake.

Injini za vivinjari vikubwa ni mashine nzito. V8 huanza kwa kuufasiri msimbo, kisha huangalia vipande vinavyorudiwarudiwa na kuvigeuza, programu ikiwa inaendelea kukimbia, viwe amri za moja kwa moja za kichakataji. Kazi hiyo huleta kasi kubwa, lakini hula kumbukumbu, na kwenye iPhone programu za kawaida haziruhusiwi kabisa kujitengenezea amri za aina hiyo. Simu ya bei nafuu yenye RAM ya GB 1 au 2, ambayo ndiyo simu ya watu wengi huku kwetu, haina nafasi ya anasa hiyo. Kwa hiyo zikazaliwa injini nyepesi. Samsung ilitoa JerryScript mwaka 2015, inayoweza kufanya kazi katika kifaa chenye RAM isiyofika KB 64. Mwaka 2019 Mfaransa Fabrice Bellard, yuleyule aliyeanzisha FFmpeg na QEMU, alitoa QuickJS pamoja na Charlie Gordon. Mwezi Julai mwaka huohuo Facebook wakaitangaza Hermes, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya programu za React Native. Hermes haisubiri simu isome msimbo wa JavaScript ulivyoandikwa; msimbo hugeuzwa kuwa amri fupifupi za baiti mapema, kwenye kompyuta ya mtengenezaji, na simu hupokea amri hizo zikiwa tayari. Walipoijaribu kwenye programu ya Mattermost ya Android, ukubwa wa faili la kupakua ulishuka kutoka MB 41 hadi 22, na kumbukumbu iliyotumika kutoka MB 185 hadi 136. Kwa mtu anayenunua bando la siku, MB 19 ni pesa.

Lakini baiti hizo zimeokolewa mahali fulani, na ukitaka kujua kasoro za injini nyepesi zinakaa wapi, tafuta hapohapo palipobanwa.

Chukua JerryScript. Katika kompyuta ya leo, kielekezi, yaani anwani inayoonyesha kitu kiko wapi katika kumbukumbu, huchukua biti 64. JerryScript imekibana hadi biti 16. Biti 16 hutoa anwani 65,536 pekee, na kwa kuwa kila kitu hupangwa kwenye mipaka ya baiti 8, injini inaweza kufikia baiti 524,288, ambazo ni KB 512 kamili. Ni hesabu nzuri sana, nami huistaajabia kila ninapoikumbuka. Ila kila mahali ambapo msimbo wa injini hukibana kielekezi na kukikunjua ni mahali pa kukosea. Ubanaji huohuo umeingia kwenye hesabu ya marejeo: kila kitu hubeba kihesabio kinachosema kinatumiwa na wangapi, na kihesabio hicho kimepewa biti chache. Kikijaa na kuendelea kuhesabu, kingerudi sifuri. Injini ingedhani kitu hakina mwenyewe, ikakifuta huku wengine bado wanakishikilia. JerryScript imechagua kusimama kabisa, kwa hitilafu yake maalumu ambayo awali iliitwa ERR_REF_COUNT_LIMIT. Programu inakufa, lakini haiendelei na kumbukumbu iliyoharibika. Nadhani ni uamuzi sahihi.

Hermes ilibana kwa namna nyingine. Amri zake nyingi zina umbo fupi na umbo refu. Amri inayosema "ruka kutoka hapa hadi pale" ikiwa na safari fupi huandika umbali kwa baiti moja. Safari ikiwa ndefu hutumia baiti nne. Kwa kuwa safari nyingi ni fupi, faili zima hupungua. Ubaya ni kwamba umbo refu hutumika kwa nadra, na kinachotumika kwa nadra hujaribiwa kwa nadra. Miongoni mwa kasoro za usalama za Hermes zilizosajiliwa mwaka 2020 imo CVE-2020-1914, na iko hasa katika kuishughulikia amri iitwayo SaveGeneratorLong, yaani umbo refu la amri inayohifadhi mahali funksheni iliposimama ili iweze kuendelea baadaye. Ndugu yake, CVE-2020-1912, ilitokana na funksheni za aina hiyohiyo zilizowekwa ndani ya nyingine, pale ambapo injini iliahirisha kuziandaa hadi zitakapoitwa. Kuahirisha nako ni njia ya kuokoa kumbukumbu. CVE-2020-1913 ilihusu alama ya kujumlisha na kutoa katika namba kamili. Baiti yenye moja nane mfululizo, 11111111, ni 255 ukiisoma kama namba isiyo na alama, na ni hasi 1 ukiisoma kama namba yenye alama. Sehemu mbili za injini zikisoma baiti moja kwa macho mawili tofauti, anwani inayopatikana inaweza kuangukia nje kabisa ya eneo lililokusudiwa.

Kuna kasoro nyingine ambazo hazitokani na ubanaji bali na tabia ya JavaScript yenyewe, na hizi huikumba injini nzito na nyepesi bila kuchagua. Ninayoiona kuwa na funzo kuliko zote ilipatikana katika JavaScriptCore na kusajiliwa kama CVE-2016-4622. Mtafiti Samuel Groß aliieleza kwa kina katika jarida la Phrack mwaka 2016, na tangu hapo imekuwa kama somo la kwanza kwa wanaoingia fani hii.

Una safu yenye namba 100 za desimali. Unaiambia injini: nikatie kipande kuanzia nafasi ya 0 hadi nafasi fulani. Injini inapima urefu wa safu na kukumbuka kwamba ni 100. Kisha inaitazama ile "nafasi fulani" na kukuta kwamba si namba, ni kitu. JavaScript inaruhusu jambo hilo: kitu kinaweza kuwa na funksheni iitwayo valueOf, na injini huiita ili kupata namba. Sasa mshambuliaji ameiandika valueOf yake kwa ujanja. Kabla ya kurudisha namba 10, inaigeukia ileile safu na kuweka urefu wake kuwa sifuri. Kumbukumbu ya safu inapunguzwa. valueOf inarudisha 10, injini inashukuru na kuendelea na kazi, ikiamini bado ina namba 100 mkononi. Inanakili kumi. Za kwanza ni halali, na zinazofuata ni chochote kilichokuwa kimelala katika kumbukumbu jirani: namba za ajabu, ndogo kupita kiasi, ambazo hakuna aliyeziweka kwenye safu. Hizo zinaweza kuwa anwani za siri za programu, na kutoka hapo mshambuliaji hodari hupata njia ya kuendesha msimbo wake mwenyewe.

Tazama jinsi kila hatua ilivyo sahihi ikisimama peke yake. Kupima urefu ni sahihi. Kuita valueOf kumeagizwa na kiwango cha lugha. Kunakili ni sahihi. Kosa liko katika kuuamini upimaji uliofanywa kabla ya kumpa mgeni nafasi ya kugusa vitu, na dawa yake ni kupima tena baada ya mgeni kuondoka. Kwa maandishi ni mistari michache. Shida ni kwamba injini ina mamia ya sehemu za namna hii, na kila moja inahitaji mtu aliyekumbuka.

Hakuna binadamu anayekumbuka zote, na ndiyo sababu kazi ya kuzisaka imekabidhiwa kwa mashine. Mwaka 1988 Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa ameunganishwa na kompyuta ya chuo kwa laini ya simu usiku wa dhoruba. Kelele za laini zilipenyeza herufi za ovyo, na programu za Unix zikawa zinaanguka. Akawapa wanafunzi wake kazi ya kuzipa programu maingizo ya ovyo kwa makusudi. Walipochapisha matokeo mwaka 1990, kati ya robo na theluthi ya programu walizojaribu zilikuwa zimeanguka au kuganda. Kwa injini ya JavaScript herufi za ovyo hazitoshi, kwa sababu hukataliwa mlangoni kama msimbo usio na sarufi. Ndipo ikaja jsfunfuzz ya Jesse Ruderman wa Mozilla mwaka 2007, iliyotunga misimbo ya ajabu lakini yenye sarufi, na baadaye Fuzzilli, ambayo Groß huyohuyo aliitoa akiwa Google mwaka 2019. Fuzzilli hutunga programu ndogo kwa lugha yake ya kati, huzigeuza kuwa JavaScript, huangalia zimefika kona zipi mpya za injini, kisha huzibadilishabadilisha zile zilizofika mbali zaidi. Inaweza kufanyia kazi Hermes, JerryScript na QuickJS pia.

Ni haki kusema kwamba wepesi nao huleta usalama. Mwaka 2021 timu ya usalama ya Microsoft Edge iliripoti kwamba takriban asilimia 45 ya kasoro za V8 zilizosajiliwa tangu 2019 zilitokana na kile kitengo kinachogeuza msimbo kuwa amri za kichakataji. Hermes iliyomo katika programu za simu haina kitengo hicho, na kisichokuwepo hakivunjwi.

Kasoro zinazotugusa sisi kila siku, hata hivyo, si za wadukuzi. Ni za namba na tarehe. Hermes ilipoanza kwenye Android haikuwa na Intl, ile sehemu ya JavaScript inayojua namna kila lugha inavyoandika fedha na siku. Data hizo ni nyingi na nzito, kwa hiyo ziliachwa. Kiwango cha lugha kinairuhusu injini isiyo na Intl irudishe tarakimu kavu: shilingi 1,250,000 ikatokea kama 1250000, na mtu mzima akaanza kuhesabu sifuri kwa kidole kabla hajabonyeza "Tuma". Intl ilipokuja, Hermes ya Android haikubeba data zake yenyewe; iliazima zilizomo ndani ya Android. Hilo liliokoa MB kadhaa, lakini simu mbili zenye matoleo tofauti ya Android zinaweza kuandika tarehe moja kwa namna mbili, programu ikiwa ileile. Kiswahili kina mipangilio tofauti ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na ule wa Kongo hutenga desimali kwa mkato na maelfu kwa nukta. Mtengenezaji aliyejaribu kwenye simu yake mpya peke yake hataliona hilo.

Kasoro moja ina sifa ya pekee: hairuhusiwi kurekebishwa. Ukiuliza JavaScript null, yaani thamani inayosema "hakuna kitu", ni ya aina gani, itakujibu "object". Jibu hilo limetokana na injini ya kwanza, ambayo Brendan Eich aliiandika Netscape mwaka 1995. Aina ya thamani ilihifadhiwa katika biti chache za chini, na alama ya kitu ilikuwa sifuri tupu. null nayo ilikuwa kielekezi cha sifuri, kwa hiyo ikasomwa kama kitu. Pendekezo la kulisahihisha jambo hili lilitolewa na kukataliwa, kwa kuwa tovuti zilizokwisha kulizoea zingevunjika. Injini nyepesi inayoandikwa leo, yenye mpangilio mwingine kabisa wa biti, lazima iongeze kazi kwa makusudi ili irudishe jibu hilohilo la makosa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni safari ya marekebisho. Kivinjari kina injini moja. Ikisahihishwa, kurasa zote hunufaika. Hermes hufungwa ndani ya kila programu, kwa hiyo simu yenye programu tano za React Native inaweza kuwa na nakala tano za injini, kila moja ya umri wake. Facebook walieleza kwamba kasoro kama CVE-2020-1914 huihusu programu inayoruhusu kuendesha msimbo wa JavaScript usioaminika, na programu nyingi za React Native hazifanyi hivyo. Inayofanya hivyo, kwa mfano inayopakua vijiprogramu vya watu wengine na kuviendesha ndani yake, inahitaji injini mpya. Na tangu toleo la 0.69 la mwaka 2022, kila toleo la React Native huja na Hermes yake iliyojengwa pamoja nalo, kwa hiyo anayetaka injini mpya hana budi kupandisha mfumo mzima. Mtengenezaji asiyejua programu yake imebeba Hermes ipi anaweza kuiuliza yenyewe, kwa mstari mmoja: HermesInternal.getRuntimeProperties(). Jibu litakuwa na namba ya toleo.